Nilisoma kwa Ajili ya Mutu Mumoja

Kasongo

Kwa yaya yangu mupendwa, dada Rachida, Salamabila,

Asalam aleikum. Natumaini barua hii itakukuta na afya, wewe na watoto, na kwamba kikohozi cha Amisa kimepungua. Sisi huku tuko wazima. Mama anakusalimia, mugongo unamusumbua asubuhi, lakini bado anapeleka muchele wake sokoni na bado anagombana na kila anayetaka kuongezewa. Barua hii ninamupa Baraka, motari wa pikipiki, akuletee mukononi, kwa sababu sitaki maneno haya yapite kwenye telefone ambayo mutu mwingine anaweza kuishika mbele yako.

Habari ya kwanza ni nzuri: nimeshinda mutihani wa usalama wa habari. Sertifika ilifika zamani kidogo, nikaificha hata kwa mama mpaka jana. Alipoishika aliniuliza kama ni ya udaktari. Nikamuambia ni ya kulinda siri za watu zilizo ndani ya mashini za kompyuta. Akasema kazi hiyo ingefaa kufika mbele Marie-Louise hajakufa.

Sehemu ya mambo haya unaijua, lakini acha niyasimulie yote. Nilipokuwa nikiandika wagonjwa katika ule muradi wa afya kule Kabambare, majina ya wanaokunywa dawa za sida, yaani ukimwi, yalitoka katika mashini yetu, yakazunguka kwenye telefone za wachimba dhahabu. Aliyeyatoa alitumia neno langu la siri. Mukubwa wa biro ya muradi alisoma jina langu kwenye mulango wa lopitali, watu wote wakisikia, akanifukuza. Na katika majina yale alikuwamo Marie-Louise, aliyekushonea nguo ya ndoa. Wateja walimukimbia, mume akamurudisha kwa wazazi wake, naye kwa haya akaacha kuja kuchukua dawa. Tulimuzika mbele ya mavuno. Pale kaburini mama yake aliniangalia, akatema mate chini, akaondoka.

Tangu siku ile nilikuwa na kazi moja. Nilitaka kujua mashini inaficha wapi alama za mutu aliyeingia, na nilitaka karatasi ambayo wakubwa wa muradi kule Kindu hawataweza kuitupa. Pesa sikuwa nayo. Mwalimu Apolline, anayefundisha informatiki kwenye shule ya misheni, aliniachia mashini moja nzee kila wanafunzi waliporudi nyumbani, nami nikamutengenezea zilizoharibika. Masomo ya bure niliyaingiza kwenye telefone kidogo kidogo, kila nilipopata mega za intaneti. Mengi yalikuwa ya Kiingereza, na Apolline alinifasiria mpaka sauti ikamukauka. Wengine wanasoma hivyo wapate kazi Goma. Mimi kila somo nilimusomea mutu yule: hapa ndipo alipoingilia, hapa ndipo tutakapomukamatia. Mwishoe nikapanda pikipiki hadi Kindu, nikafanya mutihani na mavumbi ya njia bado kichwani.

Nilipopata sertifika niliiandikia biro yao ya Kindu, nikawaeleza ni alama zipi watafute mbele hazijafutwa. Safari hii walisikiliza. Walimutuma mukaguzi anayeitwa Grégoire, mutu wa maneno machache. Alikuta kwamba neno langu lilitumiwa kwenye mashini ya depo, ile ghala ya dawa, Salamabila, siku ambayo mimi nilikuwa Nyangwe katika matanga ya shangazi.

Yaya, uliniuliza mara nyingi ni nani, nikakujibu sijui. Nilikuwa najua. Ni Iliasi, mume wako.

Kumbuka alivyokuambia depo yake iko na kazi nyingi, ukaja matangani bila yeye. Neno la siri aliniomba kwa jina la ushemeji, akisema anataka kuhesabu sanduku za dawa tu. Hakuna mwingine niliyemupa. Majina akamuuzia mufanyabiashara wa dhahabu aliyetaka kumuaibisha mushindani wake aliyekuwamo katika majina yale. Na siku niliyofukuzwa alisimama kati ya watu, akatikisa kichwa kama anayenisikitikia.

Grégoire alipokuwa bado anakagua, Iliasi alikuja Kasongo. Kwa mama hakuingia. Alinikuta shuleni, akaniomba niandike kwamba nilikosea.

“Djamali, mimi ni baba ya watoto wa yaya yako,” aliniambia. “Ukiniangusha, wao ndio watalala njaa.”

“Marie-Louise naye alikuwa na watoto,” nikamujibu. “Nenda uwaambie hivyo.”

Alipiga magoti. Nilimuacha pale chini, nikarudi kwenye mashini.

Wakubwa wa Kindu niliwaomba jambo moja tu: jina lake lisomwe kwenye mulango ule ule, na mama ya Marie-Louise aitwe asikie. Walikubali. Juzi nilisimama mbele kabisa. Iliasi alinitafuta kwa macho, nami nikamuangalia mpaka akainamisha kichwa. Nilifurahi, yaya. Sitakudanganya kwamba nilihuzunika.

Ila jambo moja linanichoma. Uliponitumia hereni zako za dhahabu niziuze nilipe mutihani, ukasema unataka mudogo wako asafishe jina lake, nilijua ninasomea kumuangusha mume wako. Ningeweza kukuambia. Niliogopa utataka hereni zirudi. Nilizipokea, nikakushukuru, nikaziuza.

Pengine yeye atafika kwako mbele ya barua hii. Atakuambia amepewa likizo, au kwamba biro imefungwa. Usimuamini, amefukuzwa. Ukitaka kuja, Baraka atawaleta, wewe na watoto. Nimekwisha kupatana naye. Mama amefagia chumba, ingawa sababu bado sijamuambia. Ukitaka kubaki, sitakulaumu. Lakini kumusamehe sitamusamehe, hata ukiniomba wewe.

Uwasalimie watoto, kila mumoja kwa jina lake, na jirani yako Binti pia. Yule mwingine wa hapo nyumbani usimupe salamu yangu.

Mudogo wako,
Djamali