Nilifungia Ruta Ndani ya Chuma, Mama na Dada Hawasemezani

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla sijazidi kuharibu, maana nimelikoroga mwenyewe na kulinywa nashindwa. Mimi ni fundi wa kuchomelea mageti, naishi na mke wangu, watoto watatu na mama yangu mzazi ambaye chumba chake kiko nyuma, ukishapita jikoni. Mwaka huu tulivuta intaneti nyumbani, na kwa kuwa watoto walikuwa wanachomoachomoa nyaya za ruta nikaona nioneshe ufundi, nikaiundia sanduku la chuma lenye kufuli, nikalitoboa matundu ya hewa, nikalipiga rangi na kulifunga ukutani chumbani kwangu, karibu na sakafu, ikawa kila mgeni namwita aje alione. Mke wangu akasema, "Baba watoto, tangu uweke hilo dude mtandao unakufa huku jikoni," nami nikamjibu kwamba chuma ndiyo kazi yangu, asinifundishe.

Sasa dada yangu yuko ughaibuni, na alikuwa akimpigia mama kwa video kila alasiri. Simu ya mama haiwekwi bando, inategemea waifai ya nyumbani tu. Siku moja dada akajikaza akamwambia mama kwamba ameachana na mumewe, picha ikaganda palepale, simu ikakatika, akapiga tena ikakatika, na tena, akaamini mama kamkatia kwa hasira. Mama naye hakusikia hata neno moja, yeye ndiyo kwanza alikuwa ametoka kuuliza, "Mkwe wangu hajambo?" basi akaona binti ndiye aliyemkatia, kwamba anamwona mama yake mbea. Dada akanipigia nikiwa karakana, akilia, "Kaka, mama amenikasirikia?" Mshauri, nilijua. Asubuhi ya siku hiyohiyo nilikuwa nimemwita fundi wa intaneti, akacheka akaniambia ruta nimeifunga jela. Lakini niliona aibu, nikamjibu dada, "Si unamjua mama, mpe muda." Na mama aliponiuliza nikasema labda binti ana kazi nyingi.

Huu ni mwezi wa tatu. Mama amempa mke wangu ile simu, anasema haina mtu wa kumpigia yeye. Dada amefuta likizo yake ya kuja nyumbani. Najuta mpaka kazini nachomelea upande usio wenyewe. Nafikiria kuitoa ruta kimyakimya, mtandao ukitengemaa watapatana wenyewe bila mimi kutajwa. Nifanyeje?

Fundi Mageti

Fundi,

Pole, ingawa pole zangu nyingi nimemwekea mama yako. Kujivunia kazi ya mikono si dhambi, na sanduku ni kosa la kawaida, linasameheka. Lakini "mpe muda" ulisema ukijua. Dada yako ndoa imemvunjikia ugenini, anamtafuta mama yake, wewe unalinda sifa ya kufuli!

Tuanze na mtandao, maana huo ni mwepesi. Itoe ruta ndani ya chuma, mawimbi hayapiti humo. Iweke koridoni, katikati ya nyumba, juu kuliko kichwa chako, mbali na friji na kioo kikubwa, antena zisimame wima. Watoto wakatazwe kwa mdomo, kama watoto wengine. Chumba cha mama kikiendelea kusuasua, nunua kifaa cha kuongeza mawimbi ukichomeke jikoni, mahali ambapo mtandao bado unafika, wala si chumbani kwa mama, kwa sababu hakiwezi kuongeza kisichokifikia. Kisha kaa kitandani kwake, funga mlango, ujaribu video mwenyewe.

Ila usithubutu kuyafanya hayo kimyakimya! Mtandao ukirudi bila maneno yako, mama atadhani binti ameamua kumsamehe, na binti atadhani hivyohivyo kwa mama. Watasalimiana kwa adabu kama wageni, na habari ya ndoa haitatajwa tena. Mpigie dada kwanza, mwambie mama hakusikia neno lolote, na kwamba ulijua. Habari ya ndoa usimpelekee mama, hiyo si yako, mwenyewe ataisema. Kwa mama peleka lako: "Mama, aliyekukatia simu ni mimi." Wakikufokea, nyamaza, umestahili. Mke wako naye mwombe radhi, alikwambia mapema.

Najua utasema ngoja kwanza umalize geti la mteja. Mimi niliwahi kuahirisha kumwomba radhi mama yangu mpaka Jumapili. Jumapili hiyo nilikuwa napokea rambirambi. Weka gazeti chini, uende.