Kidole Gumba Kilichomkalisha Jessie

Kirkton ya Aldour,
Perthshire.
9 Februari 1994

Mpendwa mjukuu wangu Struan,

Miaka mitatu! Hata paka aliyepotea hurudi kunusa mlango. Hujambo lakini? Kifua chako na baridi ya Kanada vinapatana? Mimi mzima, magoti tu ndiyo yananinung'unikia.

Sasa nikugombeze, maana nimekuwekea tangu ulipoondoka. Ile dansi ya mwisho ukumbini, ulipomzungusha dada yangu Jessie, ulimng'ang'ania kidole gumba ukamvuta kama ndama anayegoma kuingia zizini. Kifundo cha mkono kikateguka. Wewe ukacheka, ukaufuata muziki wa kodiani.

Tangu siku ile Jessie hachezi. Mtu aliyekuwa wa kwanza kusimama miaka sitini, leo anakaa kando ya birika la chai, mikono kaificha chini ya shali. Wanaume wakimwendea anawajibu, "Nenda kazungushe ng'ombe wako." Juzi kasema viatu vyake vya dansi atavigawa. Nililia, mimi nisiyelia ovyo.

Usiniambie habari za nguvu za ujana. Nguvu si ustadi, mume wangu. Darasani sikukanyaga, lakini hili nalijua: mkono hupewa kama wa salamu, kiganja kwa kiganja, gumba limelala. Viwiko vikunjike kidogo, mikono iwe usawa wa bega. Kila mmoja aegemee nje kidogo, mwenzake amhisi. Hapo mnazunguka bila mtu kumburura mtu. Na umtazame usoni, siyo viatuni! Zamu ikiisha mwachie taratibu, usimtupe. Kupachikana viwiko na kuzunguka kama pia, hayo ni ya harusi za walevi.

Mama yako anasema nakuonea. Mwache aseme, si ndiye aliyekufundisha kucheza hivyo!

Msalimie mkeo Rhona, na mtoto mbusu mashavu yote mawili. Mjomba wako Dougal anakusalimu, bado mbishi. Mungu akushike usiteleze kwenye barafu za watu.

Ukija Pasaka, usianze na mimi. Nenda ukumbini, simama mbele ya Jessie, unyooshe kiganja kikiwa wazi. Usimshike. Akikutukana, nyamaza. Ngoja hapo hapo mpaka aweke chake mwenyewe, hata wapiga fidla wakimaliza wimbo mzima.

Akupendaye pamoja na hasira zake zote,
Bibi yako Effie