Jina Nililoandika Kwenye Fomu

Jumatano, hospitalini Mandewa

Bado sina hakika kama nilimchagua Neema kwa sababu anafaa, au kwa sababu ni mdogo wangu na hajazoea kunikatalia.

Leo muuguzi alitaka jina la mtu atakayeamua kuhusu matibabu yangu iwapo upasuaji wa Ijumaa utaniacha bila fahamu. Kwetu jina hilo halijadiliwi: ni kaka yetu mkubwa, aliyeko Mtinko. Lakini kaka haamui jambo bila kuwaita baba wadogo wote kikaoni. Mama alipougua alisubiri kikao kama hicho siku mbili, akafariki kabla hakijaisha.

Neema alipoliona jina lake kwenye fomu alicheka. "Dada, nikikosea, kaka atanizika mimi kwanza." Kisha akauliza taratibu, "Na nisipokosea, ukafa?"

Nikamrudishia muuguzi fomu. Pengine nimejipunguzia hofu kwa kumtwisha yeye.

Jioni kaka alipiga simu. "Kesho napanda basi la kwanza. Usisumbue mtu, nitasaini mwenyewe."

Nilikusudia kumweleza. Nikasema tu, "Asante, kaka."

Neema ndiye atakayempokea stendi, naye anaamini nimekwisha kumwambia kaka.