Kamba Uliyoiacha Msumarini

Baba Hadija, mume wangu,

Salamu zako zitakuja mwishoni, kama zitabaki. Kwanza nina hasira na wewe, na nimechoka kuibeba peke yangu tangu Hadija anatambaa mpaka leo Hadija mwenyewe ana mvi.

Usishangae kuona nimeandika. Shule sikwenda, unajua. Herufi alinifundisha mjukuu wetu Somoe, binti wa Hadija, tukiwa jikoni, mimi nachambua mchicha na yeye ananisomesha kwa daftari lake la darasa la pili. Mwandiko wangu umepinda kama njia ya mbuzi, lakini na wewe kusoma hukujua, kwa hiyo hatuchekani. Naiacha barua hii wazi, asome anayetaka. Wake wa wakwezi wasome kwanza.

Unaikumbuka ile kamba? Makumbi ya nazi niliyafukia mimi kwenye tope la pwani, nikayaacha miezi, nikayafukua yananuka mpaka majirani wakawa wananipisha njia. Nikayaponda kwa rungu, nikapata usumba, zile nyuzi zake, nikausokota juu ya paja mpaka paja likachubuka. Nikakuletea kamba nene, mpya, ya kujifunga kiunoni ukiwa juu ya mnazi. Ukaipima kwa mikono, ukasema, "Mama Hadija, kamba hii inafunga meli." Nikafurahi kama mjinga. Ukajifunga siku mbili. Siku ya tatu wenzako barazani wakakucheka: "Mwenzetu siku hizi anakwea kama mtoto, kafungwa nguo ya kubebewa." Ukarudi nyumbani, ukaitundika kamba yangu kwenye msumari wa jikoni. Nilipokuuliza, ukaniambia, "Mkwezi hodari hafungwi, mke wangu. Mnazi unanijua."

Mnazi unakujua! Mnazi una macho?

Asubuhi ile ilikuwa imenyesha. Nilikuwa nakuna nazi. Nikasikia kishindo shambani, nikasema, huyu leo kakata kole zima la nazi. Nikachukua kikapu nije kuokota. Baba Hadija, nilikuja na kikapu. Hilo ndilo sijakusamehe. Nilikuja nachekelea, na kikapu mkononi.

Na siku ya kukuzika wazee walikuja mlangoni kama desturi ilivyo, jeneza liko uani, mimi nimefunikwa kanga ndani. Wakaniuliza, "Mama Hadija, umemsamehe mumeo?" Nikajibu, "Nimemsamehe." Wakauliza tena, nikajibu tena. Mara tatu. Wanawake wakanipangusa machozi, wakasema nina moyo mzuri. Nilikuwa nasema uongo mbele ya maiti. Ningesema nini? Ningesema hapana, wakuzike na deni la mke shingoni?

Tangu hapo sijapanda kitu. Nyinyi wanaume mlikuwa mkisema mwanamke akikwea mnazi, mnazi haukui tena, nami nikaona heri. Hata kiti cha kutolea utando wa buibui darini sipandi. Hadija alipohamia Shangani, huku huku Mtwara, kwenye nyumba ya ghorofa, sikukanyaga ngazi yake hata mara moja. Sikukuu nakaa chini kibarazani, ananishushia pilau kwenye sahani kama mlinzi. Wapita njia wananiona natafuna peke yangu, wanasema, "Shikamoo bibi, mbona wamekutenga?" Najibu, "Marahaba. Nimejitenga mwenyewe, nyama nimepata kubwa."

Sasa sikiliza balaa. Somoe, mjukuu wako, damu yako hiyohiyo, akapata kazi kwenye meli ya watalii. Si kupika wala kufua mashuka. Kazi yake ni kupandisha watu ukutani! Kule juu ya meli kuna ukuta mrefu wa kukwea, una vishikio vya rangi rangi, wenye nafasi zao wanapanda kwa raha zao, halafu wanashuka. Akaja kwangu Chuno kuniomba radhi kabla ya kuondoka. Nikamwambia, "Radhi ya kwenda kuanguka? Babu yako hakutosha?" Akapiga magoti. Nikageuza uso. Aliondoka bila radhi yangu, Baba Hadija, mtoto niliyemlea. Kila Ijumaa akinipigia simu namjibu habari za mvua na bei ya samaki, basi.

Mwezi uliopita akapiga: meli inapita Mtwara, inakwenda kutia nanga mbele ya mdomo wa Ruvuma, siku tatu, na kila mfanyakazi ameruhusiwa kuleta mzee wake mmoja. "Bibi, njoo uone kwa macho yako. Ukishaona, kama bado hutaki, nashuka na wewe. Naacha kazi." Nikamuuliza, "Unaapa?" Akasema, "Naapa."

Nikafunga mzigo wangu. Ndani nimetia madera mawili, msala na ming'oko ya kuchemsha, ile mizizi yetu ya porini, na moyoni nimeshaamua: narudi na mtoto wangu. Sikwenda kutazama, nilikwenda kumchukua.

Kupanda ngazi ya meli tu ilikuwa kazi. Nilifumba macho, nikasoma kila dua niliyojua, nikamshika Somoe mkono mpaka akasema, "Bibi, unanivunja." Nikamwambia, "Nikuvunje mimi kuliko kuvunjwa na chuma." Pale mlangoni mkaguzi akauliza ming'oko ni mizizi ya dawa gani. Nikamvunjia mmoja, nikamwambia tafuna na limao. Alirudi kuomba mwingine.

Siku ya pili tukafika mbele ya Ruvuma. Meli kubwa haisogei karibu, mafungu ya mchanga yanaizuia, ikakaa mbali. Somoe akanipeleka kwenye ukuta wake. Nikakaa kwenye kiti, nimekunja mikono, nasubiri kosa. Kosa moja tu, tuondoke.

Nikamtazama anavyofanya kazi. Mtu akija anamvika mikanda, miguuni, kiunoni. Anavuta hapa, anavuta pale. Halafu mwenzake, mama mmoja mnene wa Tanga, anakuja kuvuta tena upya, kama vile Somoe hajafanya kitu. Nikamuuliza, "Hawakuamini?" Akacheka. "Bibi, hapa hakuna kuaminiana. Hata nahodha akija anafungwa, na aliyemfunga anakaguliwa." Nikauliza, "Na yule hodari? Aliyezoea?" Akanijibu bila hata kunitazama, anaendelea kukaza mkanda wa mtu: "Hodari ndiye anayefungwa kwanza. Sisi tunaowafunga, kabla ya watu kuamka tunapanda kujaribu kamba. Tukiwa tumefungwa."

Baba Hadija, hapo ningekuwa na wewe karibu ningekuchapa kwa kandambili.

Hivyo tu? Kumbe ni hivyo tu? Mtoto wa juzi anajua, na wewe mwenye ndevu ukashindwa kwa sababu watu wawili wenye njaa walikucheka barazani? Nilisimama. Nikamwambia Somoe, "Nifunge."

Akadhani natania. "Bibi, wewe? Ngazi ya mama tu hupandi."

"Nifunge kabla sijabadilika."

Akanivalisha suruali yake chini ya dera, kanga nikaibana, ushungi nikauingiza ndani ya ile kofia ngumu. Mikanda ikanibana mapaja, mama wa Tanga akaja akavuta, akanong'ona, "Dada, sisi tupo." Kulikuwa na mwanaume mmoja ametoka Masasi na mkewe, amekaa na soda yake, akapaza sauti: "Bibi, hapo si pa kuanika udaga wa muhogo! Utatuletea msiba baharini!" Nikamjibu, "Msiba nimeuzoea, mjukuu wangu. Wewe shika soda isimwagike." Mkewe akacheka mpaka akalala mezani.

Nikaanza. Kishikio cha kwanza, cha pili. Nikakumbuka ile ngazi ya kuezekea makuti, tulipokuwa tumeoana juzi juzi, nilipokwama katikati nikalia, na wewe chini ukanicheka badala ya kunishika: "Shuka, kuku wa kienyeji!" Nilikupenda siku ile na nikakuchukia siku ile. Katikati ya ukuta nikakwama vilevile. Mikono imegoma. Nikatazama chini, watu wamekuwa wadogo.

"Somoe, nafa!"

"Hufi, Bibi. Kamba ninayo mimi."

Mguu ukateleza.

Nilianguka, Baba Hadija. Nilianguka kama wewe. Lakini kiasi cha mkono mmoja tu, kamba ikanidaka, nikabaki naning'inia kama popo. Sikuumia popote. Na hapo ndipo hasira ya miaka yote ilinitoka kwa mdomo, nikapiga kelele meli nzima ikasikia: "Mjinga wewe! Mjinga! Nilikutengenezea kamba!" Wazungu wakanipigia makofi, wanadhani nashangilia. Nikalia kule juu, nikafuta kamasi kwa ncha ya ushungi. Somoe alishika kamba, akaningoja. Yeye ndiye mtu wa kwanza kunisikia nikikusema vibaya.

Nilipomaliza kulia nikaona siwezi kushuka na aibu yote ile bila kufika. Nikapanda vishikio vilivyobaki, huku nakutukana kila hatua. Sikutaji matusi, barua iko wazi.

Juu kabisa nikageuza shingo. Unakumbuka ulivyokuwa ukiniita kutoka kwenye mnazi, kule kwetu kwa zamani karibu na mdomo wa Ruvuma, "Binti Saidi, laiti ungeona! Maji ya mto yana rangi ya chai ya maziwa, ya bahari ni buluu, na katikati kuna mstari kama pindo la kanga!" Nami chini nakujibu, "Angua madafu, acha porojo." Miaka yote nilidhani unanitania. Basi nimeuona. Maji ya Ruvuma yanatoka mazito, yanakutana na bahari, hayakubali kuchanganyika haraka, na mstari upo, umenyooka, una povu jeupe. Ulikuwa unasema kweli. Nikachukia zaidi. Ulikuwa unauona kila siku peke yako, na ungeishi tungetafuta njia, hata kama ni kunifunga kwa kamba yangu mwenyewe ukanivuta juu, mnazi ukome kukua kama unataka kukoma.

Niliposhushwa, Somoe akapiga magoti kunifungua mikanda ya miguu. Alijua nimekuja kufanya nini. Nikamshika kichwa. Nikamwambia, "Radhi yangu unayo. Endelea na kazi yako. Lakini siku nikisikia umepanda bila kufungwa kwa sababu mtu kakucheka, nitakuja na kandambili." Akalia, nikamwambia asinilowanishie suruali, ingawa ni yake.

Nimerudi Chuno. Kamba yako nilihama nayo kuja huku, unajua? Mkwe wetu aliitundika juu karibu na dari ili nisiione, na kwa kuwa sipandi kiti, ikakaa huko. Leo nimevuta kiti. Nimepanda. Nimeitungua mwenyewe, imejaa vumbi, lakini nimeivuta kwa nguvu zangu zote haikukatika hata uzi. Iko mapajani mwangu ninavyoandika.

Habari ya ule msamaha. Zile mara tatu nilizosema mbele ya jeneza usizihesabu. Leo nasema kwa mdomo wangu, hakuna mzee aliyeniuliza: nimekusamehe. Hiyo ni moja. Mbili zilizobaki nakuja nazo mwenyewe. Ukae umejiandaa, maana kabla sijakupa utanieleza vizuri, macho kwa macho, lile la barazani.

Mungu akulaze pema, mbishi wangu. Salamu zimebaki kidogo, zipokee.

Mimi mkeo, msokota kamba,
Mama Hadija