Barua Isiyogongwa Muhuri

4 Februari

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, goti limetulia, na Mama ameacha kukuficha miwani kila mnapokosana. Mimi sijambo. Shangazi naye hajambo, ila anauliza kama kaka yake aliapa kutomwandikia, maana kila barua inayoingia chumbani humu ni yangu.

Habari mbaya niimalize upesi. Shirika la tatu nalo limenikataa. "Tunakutakia kila la heri." Nimetakiwa heri nyingi mwezi huu mpaka zimenichosha. Limebaki moja, lile la haki za binadamu, na ukweli ni kwamba ndilo nililolitaka tangu siku ya kwanza, nikaogopa kuanza nalo. Ofisi yao iko ghorofa ya tatu, juu ya duka la vioo. Wanaingia magerezani kuwauliza wafungwa wanavyotendewa, halafu wanasimama na majibu hayo mahakamani. Wanachukua vijana wawili wa mafunzo kazini, Machi na tena Agosti, na lazima uwe umemaliza chuo ndani ya mwaka mmoja. Mwaka wangu unakwisha Septemba. Nikikosa hapa, ni kurudi nyumbani kuwafundisha watoto wa jirani hesabu, na hesabu zangu unazijua.

Fomu ina kurasa sita. Kuna na insha: "Umejifunzia wapi maana ya haki?" Naomba unitumie nakala ya cheti changu cha kuzaliwa. Anuani nimeandika ya nyumbani, kwa sababu barua za jengo hili huachwa kwenye ngazi na kila mtu hujichukulia, ila zako Shangazi huzivizia. Na nakuomba tena, siku moja upige simu kama baba za watu.

Mwanao,
Wakili asiye na ofisi

12 Februari

Wakili wangu,

Marahaba. Sisi wazima. Goti linauma mvua ikikaribia, basi mama yako ananitumia kujua lini aanue nguo. Simu siitaki. Simu ni ya ugonjwa. Maneno mazuri yaandikwe, mtu ayasome mara mbili.

Cheti hicho hapo. Usinune ukikuta muhuri wangu kwenye kona ya barua, mkono umezoea. Miaka ishirini na miwili nimeketi katika kile chumba karibu na lango la gereza. Barua zinazoingia na zinazotoka, zote zilipita kwangu. Nasoma, nafuta kwa wino mweusi kisichoruhusiwa, nagonga IMEPITIWA. Siku ya kustaafu wenzangu walipewa saa za ukutani, mimi nikaomba muhuri chakavu. Juzi nimegonga kalenda. Mama yako anasema yeye ndiye anayefuata.

Fomu ikiuliza kazi ya baba, usiandike "askari" kwa mkato. Andika: askari magereza mstaafu, mkaguzi wa barua. Hao si wanaingia magerezani? Wakijua binti ana mtu aliyekuwa ndani, watakuona lulu. Barua yangu ya kustaafu ninayo, wakitaka ushahidi nitaituma siku hiyo hiyo.

Baba yako

22 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Sisi wazima, natumaini na ninyi mko hivyo.

Fomu nimeipeleka kwa mkono wangu. Nilipanda zile ngazi jasho likinitoka mpaka mlinzi akaniuliza kama naumwa. Insha nimejaza maneno makubwa ya chuoni, sijui kama yatapita. Pale kwenye kazi yako pia nimejaza, usiwe na wasiwasi. Ilikuwa sehemu fupi tu.

Naandika kwa haraka, Shangazi ananisubiri. Msalimie Mama.

Mwanao

18 Machi

Baba,

Shikamoo. Nakuuliza hali yako, na safari hii nauliza kwa woga.

Bahasha ya shirika uliyonitumia imefika. Ilifunguliwa kwa wembe ikabandikwa tena kwa gundi, kama unavyofanya siku zote bila hata kujua unafanya. Ndani wameniita kwenye usaili tarehe 25, na wameweka nakala ya fomu yangu ili nithibitishe kwamba yote niliyojaza ni kweli. Ukurasa wa pili, mstari wa nne. Kazi ya baba: mkulima. Kando ya mstari huo upo muhuri wako. Nimetafuta kijikaratasi, nimeikung'uta bahasha, hakuna hata neno lako.

Heri ungenitukana. Baba, nilipofika pale kalamu ilisimama. Chumba cha kusubiri kilijaa picha za watu waliofungwa, na chini ya kila picha maneno yao kuhusu askari. Nikaona wakijua, wataniuliza baba yako alikuwa anafanya nini mle ndani. Ningejibu nini, kwamba alikuwa anasoma barua za watu? Mkono ukaandika mkulima. Nilijiambia ni neno moja tu.

Usiku na mchana naiona miwani yako ikishuka puani ulipokuwa ukisoma mstari ule. Nisamehe. Niandikie hata kama ni kunigombeza.

Mwanao

27 Machi

Baba,

Shikamoo. Sijapata jibu, naandika hivyo hivyo.

Usaili nilikwenda. Mkuu wa kitengo ni mama mmoja mwembamba, anaongea taratibu na hapepesi macho. Kabla hajavuta kiti nilimwambia fomu yangu ina uongo. Baba yangu ni askari magereza mstaafu, mkaguzi wa barua kwa miaka ishirini na miwili, nami nilimwonea haya. Akaniuliza, na sasa? Nikasema sasa najionea haya mimi.

Hakutabasamu. Alisema sheria yao haina njia ya mkato, aliyejaza uongo anaondolewa, na akachora mstari juu ya jina langu mbele yangu. Kisha akasema mlango wa Agosti uko wazi kwa mtu yeyote mwenye fomu ya kweli.

Basi ndivyo. Nimejikaza kisabuni mpaka barabarani, nikalia mbele ya duka la vioo, na vile vioo vyote vikanionyesha. Nadhani nifungashe tu nirudi nyumbani.

Mwanao

14 Aprili

Binti yangu,

Sisi wazima. Nimekawia makusudi, usimsingizie mtu wa posta. Nilikuwa na hasira, halafu nikawa na haya, na haya ndiyo iliyokaa sana.

Kwanza nilizunguka nyuma ya jiko kukagua shamba langu. Nimekuta miche mitatu ya nyanya, miwili imeliwa na mbuzi wa jirani. Kwa hiyo mkulima ni mkulima kweli, ila mwaka huu ni wa njaa.

Bahasha yako sikuifungua kwa kukuchunguza. Nilikuja kushtuka wembe uko mkononi na barua nimeshaisoma. Muhuri ule kando ya mstari, hapana, ule sikugonga kwa mazoea. Ule niligonga kwa hasira. Nilitaka uumie. Nawe nisamehe.

Nilitaka nikukasirikie zaidi, nikashindwa, kwa sababu kuna jambo nalionea haya mwenyewe na sijamwambia hata mama yako. Alikuwepo mfungwa mmoja, fundi wa viti, kijana mpole. Siku moja ikaja barua ya dada yake. Katikati ameandika kwamba mama yao amefariki. Kanuni ilikuwa habari ya msiba haipiti mpaka mkuu wa gereza aidhinishe. Nikaufuta mstari ule kwa wino, nikapeleka ombi la idhini ofisini. Jibu halikuja. Mimi sikufuatilia. Leo kesho, leo kesho, likazama.

Yule kijana aliendelea kumwandikia mama yake. Barua nane. "Mama, kwa nini hunijibu, nimekukosea nini?" Zote nilizisoma, zote niligonga muhuri. Na dada yake alipoutaja tena msiba nilifuta tena, kwa kuwa idhini haikuja. Siku ya kutoka alipita dirishani kwangu amebeba kigoda alichokichonga karakana ya gereza, akaniambia, "Hiki ni cha mama." Nikamwambia nenda salama. Nilikuwa na mdomo, mwanangu, na neno hilo ndilo nililolitoa.

Sikumpiga mtu hata siku moja katika kazi ile. Nilikuwa najisifu hivyo. Lakini siku hizi nikitazama muhuri huu nakiona kigoda.

Usirudi nyumbani. Agosti jaza tena. Ukiandika mkulima safari hii, nitakuja mwenyewe na ule mche mmoja uliobaki, niwaonyeshe mavuno.

Baba yako,
mkulima wa mche mmoja

2 Mei

Baba yangu,

Shikamoo, na shikamoo nyingine juu yake. Barua yako nimeisoma mara nne. Shangazi aliniuliza nalia nini, nikamwambia goti la kaka yako. Hakuamini, ila alinibandikia chai.

Sitarudi. Asubuhi namsaidia karani wa mahakama kupanga majalada, mchana nasoma sheria ya magereza, na ile kanuni yako nimeikuta, imelala humo vilevile mpaka leo. Hapo ndipo nilipojua nataka kazi hii kwa nini. Mwanzo nilitaka kuwa mbali na wewe, Baba. Nakwambia wazi kwa sababu wewe umeniambia wazi.

Sasa nina ombi, na ni zito. Ile insha ya Agosti, umejifunzia wapi maana ya haki, nataka niandike kigoda kile. Bila jina la fundi, lakini wewe utajulikana, maana nitakuwa nimeshakuandika ukurasa wa pili. Ukisema hapana, siandiki, na nitakupenda vilevile.

Mwanao

20 Mei

Wakili wangu,

Marahaba, zote mbili. Sisi wazima. Nimemsimulia mama yako. Aliosha vyombo, akapika chakula cha mchana, halafu akanipa miwani yangu bila kuombwa. Nimelichukua hilo kuwa ni jibu.

Andika. Andika barua nane, usipunguze. Andika na kwamba sikufuatilia, hapo ndipo penyewe.

Ndani utakuta bahasha nyingine. Ni ya yule fundi. Anuani ya kwao naijua kwa moyo, nimeisoma juu ya barua za dada yake miaka mitatu. Ni huko huko mjini kwenu, uchochoro wa nyuma ya soko la mbao, mlango wa pili. Nilisikia karakana yake ipo mpaka leo. Ningekwenda mwenyewe, lakini miguu haitaki, na sisemi habari za goti.

Nimeiandika mara sita. Nimeifunga mwenyewe na muhuri sikugonga. Nakuomba usiifungue. Wala usiishike juani, hila hiyo naijua, nimeifanya miaka ishirini na miwili. Yaliyomo ni yangu na yake tu.

Ukipata moyo, mpelekee.

Baba yako

31 Agosti

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba ikukute mzima, na Mama mzima, na ule mche umepona mbuzi.

Wamenichukua. Nimeweka mbele ili usiruke mistari. Tulikuwa arobaini na mmoja. Yule mama asiyepepesa macho aliisoma insha yangu mbele yangu, akarudia ukurasa mmoja, akaniuliza kama baba anajua nimeandika haya. Nikamwonyesha barua yako, pale uliposema andika. Akanirudishia barua, akauliza Jumatatu inanifaa? Nina nusu ya meza, nusu nyingine ni ya kijana wa pili. Kazi yangu ya kwanza ni ile kanuni ya msiba. Wanataka ifutwe, nami ndiye ninayekusanya mifano. Ya kwanza ninayo.

Sasa la bahasha. Imelala chini ya mto wangu miezi mitatu. Mara mbili nilifika kwenye kona ya soko la mbao nikageuka. Woga huo sijui nimeurithi kwa nani. Jumamosi iliyopita nilipiga moyo konde nikaingia uchochoroni.

Nimemkuta. Ndevu zina mvi, mikono imejaa gundi. Nilimwambia mimi ni mtoto wa mkaguzi wa barua. Aliweka randa chini. Nikampa bahasha. Hakuifungua, aliigeuza mbele na nyuma, akaitazama kona ya juu, kisha akanitazama mimi.

"Nani ameipitia?"

Nikamwambia hakuna. Akauliza tena, hata wewe? Nikasema hata mimi.

Akasogeza kigoda, akakaa, akaisoma. Ilimchukua muda, Baba. Sikuuliza kama ndicho kile. Alipomaliza aliikunja akaitia mfuko wa shati, akaendelea kupiga randa, nami nikasimama pale sijui niage au nikae. Mwishowe akasema nipite Jumatano.

Leo ndiyo Jumatano na nimepita. Aliniuliza tu kama mzee bado anaona vizuri, nikamjibu anaona, anayeficha miwani ni Mama. Alicheka kidogo. Kisha akanipa kitu.

Ndani ya bahasha hii kuna bahasha nyingine. Ni yako. Sijaifungua.

Mwanao,
Wakili mwenye nusu ya meza