Mitutu ya Mkeka

2 Juni

Babu mtani wangu,

Shikamoo. Mimi mzima wa chuma, sijui wewe na hicho kiuno. Mke wangu Bibi hajambo? Mwambie afunge virago, nakuja kumchukua.

Sasa sikia. Hapa kwa fundi bunduki sifagii tena. Nathamini! Mtu akileta bunduki ya kale ya shabaha, natazama alama chini ya mitutu, nagonga kitako, natamka bei, wenye vyeti vyao wananikodolea macho. Mimi wa darasa la saba! Ile yako uliyovunjia visahani vya udongo vya kurushwa hewani enzi za ujana hebu isugue, nikwambie thamani yake.

Mjukuu wako, Mthamini Mkuu

9 Juni

Mjukuu wangu,

Marahaba. Kiuno kipo, hakikuhusu. Bibi anasema hata kuoga hujui, mke utamweka wapi?

Nimeisugua. Kutu ilipotoka, mitutu yote miwili ikatokeza michoro kama mkeka uliosukwa. Alama sizioni, macho haya basi tena. Klabu ya shabaha wametualika wazee tupige tena Jumamosi tarehe 20. Kwangu naona ndiyo ya mwisho. Risasi mpya wanatoa wao. Zitaifaa? Usinifurahishe, niambie kweli.

Babu yako

13 Juni

Babu,

Shikamoo tena. Mkeka! Mzee umekalia mali. Hayo ni marembo ya mafundi wa kale, bei inapaa mara tatu. Unaogopa risasi mpya? Hicho chuma cha zamani, si bati la siku hizi. Piga! Ukikosa kisahani hata kimoja, Bibi wangu.

Mthamini Mkuu

18 Juni

Babu,

Usipige. Leo nimemsimulia fundi ule mkeka, na maringo yangu yote, akaweka tupa chini. Si marembo. Ni vipande vya chuma vilivyosokotwa vikaunganishwa kwa moto, vya kuhimili baruti nyeusi ya enzi hizo tu. Risasi za leo zina nguvu zaidi, zinaipasua. Akaniuliza, nani amesema zinafaa? Babu, mimi bado nafagia. Napiga simu ya duka la jirani yenu tangu asubuhi, haipokelewi. Itundike ukutani, nakuomba.

Mjukuu wako

27 Juni

Mjukuu wetu,

Barua yako ya kumkataza ilifika Jumatatu. Mtutu ulipasuka Jumamosi, kwenye kisahani cha nne. Vitatu Babu yako alivivunja. Mkono wa kushoto wameukata kwenye kiwiko, jicho moja bado limefungwa.

Barua sijamsomea. Kosa kajitwika mwenyewe, eti hakupangusa mtutu vizuri. Wauguzi wote wameshajua ana mjukuu mthamini. Kila asubuhi ananituma nikuulize: ikishapasuka, bei inashuka kiasi gani?

Uje umjibu mwenyewe.

Bibi yako. Ya mke tuyaache.