Televisheni ya Baba Mdogo

Jumatatu, 4 Agosti 1997
Nimetengeneza redio tatu leo. Moja mende wameila hadi spika. Soni yote ukungu, wateja hakuna, nimefunga duka saa tisa.
Athumani hakula. Kaka yangu huyu alikuwa anabeba magogo msituni Magamba. Miezi saba tangu mti umwangukie. Miguu haifanyi kazi, mkono wa kushoto dhaifu. Daktari alisema vidole visipofanyishwa kazi vitakakamaa. Mpira wa kubinya ameutupa. Analala anatazama ukuta. Nimechoka kumbembeleza. Nimemkasirikia pia.

Jumanne, 5 Agosti
Mzungu wa mradi wa misitu anarudi kwao. Alimpenda Athumani tangu kazini. Ameniletea dukani kompyuta yake ya zamani: kibodi nene, mashine yote imo humo, na kaseti nne za michezo. Kioo chake cha kuonyeshea hakipo. Alisema inachomekwa kwenye televisheni yoyote, pale pa antena. Akaongeza kwamba mchezo wa gari unataka mikono miwili. Baada ya hapo sikusikia mengine, nilikuwa nawaza vidole vya Athumani.

Jumatano, 6 Agosti
Televisheni ya karibu ni ya Baba Mdogo. Tangu biashara iwe ruksa watu wanapandisha kila kitu kutoka Tanga, naye alipandisha hiyo. Nikampa shikamoo, nikaeleza. Akakataa.
"Mwanangu, hii si redio. Ukiiunguza, watu wa Jumapili nitawaambia nini?"
Jumapili uani kwake hujaa watu wa kutazama mpira. Nimemwambia nitakuja tena kesho.

Alhamisi, 7 Agosti
Asubuhi: hapana.
Jioni nikaenda na kompyuta. Nikaifungua mbele yake, nikamwonyesha kila waya. Mwisho akasema, "Irudi Jumapili kabla ya mpira. Na uibebe mwenyewe."
Nimeibeba mwenyewe.

Ijumaa, 8 Agosti
Mama hataki. Kwa Kishambaa kikali kasema nimwache mgonjwa apumzike. Nimeunga waya wa antena kwa risasi ya kuyeyusha. Nikawasha. Chenga tupu. Nimezungusha stesheni polepole, mara tatu, ndipo herufi zikatokea. Zinapanda juu, hazitulii. Nikageuza kitufe cha nyuma ya televisheni, zikatulia.
Sasa kaseti, niliyoiweka kwenye redio kaseti ya dukani ili mchezo uingie, inakataa. Inalia, inafika nusu, inakata. Mara sita. Athumani hakugeuka. Alisema tu, "Dada, acha."
Sijaacha.

Jumamosi, 9 Agosti
Kosa ni la redio kaseti. Kichwa chake cha kusomea mkanda kimekaa upande. Kazi hiyo naijua, Baba alinifundisha kabla hajafa. Nimekisafisha kwa spiriti, nikageuza skrubu kidogo kidogo huku nasikiliza mlio, hadi ukawa mkali. Mchezo ukaingia.
Kigari barabarani, cheusi na cheupe. Mkono wa kulia unaongeza mwendo, wa kushoto unakata kona. Nikacheza mwenyewe. Nimegonga kila kitu, mara chache kwa makusudi.
Nyuma yangu nikasikia, "Unachelewa kukata kona."
Alikuwa amegeuka. Nikamwekea kibodi tumboni. Kidole cha kushoto hakikushuka. Akatukana. Akarudia. Kikashuka. Aligonga, akaanza upya, akagonga tena. Nilikaa chini, nikiogopa kuharibu.
Kabla ya adhuhuri akasema, "Ninyanyueni. Sioni upande wa chini wa kioo."
Tukamkalisha, mimi na Mama, mito mgongoni. Miezi saba tunamwomba akae. Mama akatoka nje, akakaa huko muda.

Jumapili, 10 Agosti
Nimerudisha televisheni mapema. Haikuungua. Baba Mdogo aliifuta kwa kitambaa, akaikagua kila upande, akaniuliza mgonjwa vipi. Nikamwambia anakaa. Akaweka kitambaa chini, akanifuata nyumbani.
Nilidhani Athumani, bila televisheni, atarudi kutazama ukuta. Aliuliza mpira ni saa ngapi.
Baba Mdogo na jirani wamembeba kwenye kiti hadi uani. Watu walimpisha mbele. Alibishana nao kuhusu kila penalti.
Tulipomrudisha alikuwa amechoka, midomo ikiwa ya baridi. Nikataka kufunga mlango. Akasema niuache wazi kidogo, aone nje. Ukungu ukaingia hadi kitandani. Nikavaa sweta, nikakaa naye.